Sinia la Idi na mgonjwa wa saratani

Ndugu Waislamu, Idi ya kuchinja inapokaribia, nyumba yenye mgonjwa aliye katika tibakemikali na ipange chakula chake kabla ya kile cha wageni. Dawa hizo hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ni ngao ya mwili. Kwa hiyo maini yaliyobabuliwa upesi baada ya kuchinja, kachumbari isiyooshwa vyema na pilau iliyokaa nje tangu mchana ni hatari kwake, hata kama wengine watakula wasidhurike. Nyama yake iive barabara, apakuliwe kwanza, kidogo kidogo, mara nyingi. Kikaango kiwe mbali na dirisha lake, kwani harufu humchafua moyo. Mwenye vidonda vya kinywa asitiliwe pilipili wala ndimu. Bibi Aisha (R.A.) aliagiza mgonjwa apewe talbina, uji laini wa shayiri, kama alivyopokea Bukhari.

Linalotusikitisha zaidi ni ile kauli ya “kula, usinivunje moyo.” Ladha hugeuka kinywani mwake, nyama ikawa kama chuma, hakatai mapishi ya mkewe wala hisani ya dada zake. Akiisukuma sahani, iondolewe bila neno, naye aachwe barazani na watoto.