Magari ya Kale na Njia ya Misafara

Wako watu katika Afrika Mashariki yetu hii ambao furaha yao ya Jumapili ni kulitoa bandani gari lililoundwa kabla wao hawajazaliwa, kulifuta vumbi, kulipiga hendeli pindi likikataa kuwaka, na kwenda nalo mwendo wa pole pamoja na wenzao wenye mapenzi kama hayo. Mjini Nairobi, tangu mwaka 1970, chama cha wenye magari ya Alfa Romeo kimekuwa kikiandaa maonyesho katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako waamuzi hulala chini ya gari kuchungulia kama uvungu wake ni safi sawa na uso wake. Na tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano ya Safari ya magari ya kale, ambayo huanzia Kenya na mara kadhaa yamevuka mpaka na kukanyaga ardhi ya Tanzania, aghalabu upande wa kaskazini.

Baadhi ya ndugu zetu katika Chama, wakisikia habari hizi, hukunja nyuso. Husema haya ni mambo ya mabwanyenye, na kwamba mwananchi anayengoja basi kituoni hana haja ya kujua habari za mtu mwenye magari matatu, mawili ya kupanda na moja la kutazama. Hoja hiyo tunaifahamu vizuri, maana tumelelewa nayo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili na nyumba ya kupangisha, na wananchi wenyewe, kwa ufundi wao wa lugha, wakawabandika walafi wa magari makubwa jina la Wabenzi. Bei ya mafuta ilipopanda duniani baada ya mwaka 1973, nchi yetu ilifika mahali pa kuyazuia magari ya binafsi yasitembee Jumapili alasiri. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kulitazama gari la starehe kwa jicho jepesi. Nasi tuliokaa juu ya mkeka wa chuoni kabla ya kukaa juu ya dawati la shule tulifundishwa mapema kwamba israfu haipendezi kwa Mola wala kwa jirani. Lakini mwalimu yuleyule alitufundisha kwamba kipando ni neema, na kwamba ndani ya neema hiyo mna manufaa na mna pambo pia. Kwa hiyo jambo hili linataka insafu.

Tutazame kwanza asili ya mashindano ya Safari. Yalianzishwa mwaka 1953 kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi tatu zilizokuwa chini ya mkono wake. Hakuna sherehe iliyokuwa ya kikoloni kuliko hiyo. Hata hivyo haikupita miaka mingi yakawa mali ya watu wa hapa. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh, fundi na mzaliwa wa Kenya, aliyeendesha Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, kwa Peugeot 404, gari lilelile ambalo wananchi walilijua kama teksi na kama pikapu ya kubebea magunia. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu ndiyo yaliyorejea. Mengine yalimezwa na matope. Watoto wa shule waliosimama kandokando ya barabara hawakuwa wakimshangilia Malkia. Walikuwa wakitazama ni chuma gani kinachoistahimili nchi yao.

Sasa tuje Tabora, ambako ndiko tunakotaka mazungumzo haya yafike.

Msomaji wa Visiwani atauliza Tabora inamhusu nini. Inamhusu sana. Kabla ya gari na kabla ya reli, mji huo ulikuwa kitovu cha njia iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kuendelea hadi Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba zilizopanda njia hiyo zilitoka katika maghala ya Unguja, kwa mikopo ya matajiri wa Unguja. Na pembe zilizoteremka ziliishia kwenye mizani ya forodha ya Unguja. Waliteremka nazo wanadamu waliofungwa shingo, na hilo hatutalifunika kwa maneno laini, wala hatutaki msafara wowote wa starehe upite juu yake kana kwamba halikuwako. Miembe inayompa kivuli mtu wa Tabora leo, na Kiswahili kilichotangulia kufika huko kabla ya Mjerumani, vyote vilipanda kwa njia hiyo.

Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, yaani Tabora, mwezi wa Novemba. Stanley alitumia karibu miezi mitatu mwaka 1871. Majina yao yameandikwa vitabuni, lakini miguu iliyofanya kazi ilikuwa ya wapagazi, na wengi wao ni Wanyamwezi, waliobeba mzigo wa kiasi cha frasila mbili kichwani au begani. Chuma na Susi pamoja na wenzao walipoichukua maiti ya Livingstone hadi pwani, walipita Unyanyembe mwaka 1873, na tembe la Kwihara alimokaa marehemu mwaka uliotangulia lipo hadi leo.

Gari nalo lina sura yake katika historia hiyo. Agosti 1907, nchi ikiwa haijafuta machozi ya vita vya Maji Maji, afisa mmoja wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akakata bara, na Mei 1909 akafika Swakopmund, pwani ya nchi ambayo sasa ni Namibia. Miezi 20 na zaidi! Petroli ilibidi itangulizwe njiani kabla ya gari lenyewe, na kila penye mto au mchanga gari lilikwenda kwa nguvu za mikono ya wenyeji. Tunathubutu kusema kwamba gari hilo lilikuwa mzigo mwingine tu wa wapagazi, mzito kuliko frasila mbili. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi ya mpagazi ilikwisha. Malori yalikuja baadaye.

Na malori hayo ndiyo yanayotuuma moyo. Mkoa wa Tabora umeona vyombo ambavyo si kila mkoa umeviona. Huko Urambo, baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walileta mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Katika mradi huo, uliokuwa pia Kongwa na Nachingwea, vifaru vya Kimarekani viligeuzwa matrekta ya kung'olea visiki, na mashine zilizobaki katika maghala ya jeshi zikaletwa kupambana na udongo uliozishinda. Karanga hazikuota kama walivyohesabu London, na Urambo ikaja kuwa nchi ya tumbaku. Kisha kuna Land Rover zilizotembeza TANU vijijini, na Tabora ndiko Chama kilikofanya mkutano wake wa Januari 1958 na kukata ule uamuzi wa busara juu ya kura tatu. Kuna mabasi ya KAMATA, ambayo mtu wa umri wetu akiyasikia bado anahisi vumbi kooni. Kuna malori ya mashirika na ya watu binafsi yaliyochukuliwa kupeleka askari na chakula katika vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Kuna Scania zilizounganishwa Kibaha kwa mikono ya Watanzania, na hapohapo Kibaha lori la Nyumbu, lililobuniwa na wataalamu wetu katika kituo kilichoanzishwa mwaka 1985.

Je, mtoto wa leo ataviona wapi vyombo hivyo? Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yamehifadhi magari ya wakuu, miongoni mwao Rolls-Royce iliyotumiwa na gavana wa Kiingereza na kisha na Mwalimu. Ni jambo jema. Lakini gari la mkuu daima hupata wa kulihifadhi. Lori la tumbaku halina jamaa. Hukaa nyuma ya ofisi, juu ya mawe, magurudumu yamekwisha kuondolewa, mpaka siku ya mnada, na mnunuzi wa chuma chakavu hulipima kwa kilo kama anavyopima mabati ya choo. Tumepata kuliona moja la namna hiyo katika ua wa ofisi ya umma ambayo hatuna haja ya kuitaja, mti umeota ndani yake ukatokea mahali pa kioo cha mbele. Afisa tuliyemuuliza alitujibu kwamba limefutwa katika vitabu. Alikuwa mkweli: kwa hesabu za Serikali halikuwako, ijapokuwa tulikuwa tumeliegemea.

Uingereza kwenyewe, Land Rover la toleo la kwanza, lililoundwa kati ya mwaka 1948 na 1958, ni mali ya kugombewa. Si vyema tufike siku ya kumwomba mgeni atuazime alichokinunua kwetu kwa kilo.

Kwa hiyo, tofauti na ndugu zetu wanaokunja nyuso, sisi tunasema chama cha wapenzi wa magari ya kale kinafaa kianzishwe Tabora, na kianzishwe na mafundi. Hapa ndipo tunapoachana na mtindo wa Nairobi. Mwenye elimu ya kuliamsha gari la miaka 60 si tajiri aliyelinunua, bali ni mzee wa gereji bubu anayejua kuchonga kipuri kisichouzwa tena dukani, anayesikiliza injini kama tabibu anavyosikiliza kifua, na ambaye hakuna cheti kinachomtambua. Mzee huyo akifa, elimu yake huzikwa naye. Mpeni vijana watatu wa chuo cha ufundi na gari moja bovu la Serikali, na baada ya mwaka mtakuwa na mafundi watatu na gari moja zima. Hiyo ni starehe gani ya kibwanyenye?

Kuhusu matembezi, njia imekwisha kuchorwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka Njia Kuu ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe katika orodha ya awali ya UNESCO, nayo hutaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Orodha ya awali ni ahadi, si tuzo. Nayo imelala kwa muda mrefu. Msafara wa magari ya kale ukipita vituo hivyo sita mwaka baada ya mwaka, ukilala katika vijiji, ukilipa chakula na maji kwa wanavijiji wenyewe, utafanya kazi ambayo mafaili hayajaifanya. Na gari la kale lina adabu moja ambayo basi jipya la watalii halina: huharibika. Likiharibika Mamboya, wenyewe watakaa Mamboya na watazungumza na watu.

Kwa Wazanzibari liko neno jingine. Unguja na Pemba nazo zimepoteza mengi. Reli ya Bububu imebaki jina. Yale malori ya bodi za mbao yaliyoitwa chai maharage yanapungua. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka na kuua watu wawili, jengo ambalo lenyewe lilikuwa makumbusho. Mzanzibari mwenye gari la kale ana haki ya kulivusha bahari na kuifuata njia ambayo bidhaa za babu zake ziliifuata. Lakini suala la usajili na ushuru wa vyombo vya moto vinavyotoka Visiwani kwenda Bara limekuwa miongoni mwa hoja za Muungano kwa miaka mingi, na kamati zimeketi juu yake mara nyingi kuliko tunavyopenda kuhesabu. Tunawaomba wakuu wa pande zote mbili watoe kibali cha muda, cha wiki chache, kwa gari la kale linalokwenda na kurudi, bila ya kulitoza mwenyewe kana kwamba ameleta bidhaa ya kuuza. Gari la mwaka 1955 halimwibii mtu soko.

Vilevile sheria hutoza ushuru wa ziada kwa gari linaloingia nchini likiwa na umri mkubwa. Sheria hiyo ina maana yake, kwa sababu hatutaki nchi yetu iwe jaa la magari yaliyochoka ya wenzetu. Hatuombi ifutwe. Tunaomba tu Bunge na Wizara ya Fedha watofautishe baina ya gari lililozeeka na gari la historia, na hasa pale ambapo gari lenyewe lilikuwa letu, likauzwa nje, na mwananchi anataka kulirudisha.

Kazi ya kwanza, hata hivyo, haihitaji Bunge. Mkuu wa Mkoa wa Tabora anaweza kuagiza kwamba kabla ya mnada wowote orodha ya magari yote yaliyofutwa ipitiwe na watu wawili: afisa wa Mambo ya Kale na fundi mmoja mzee. Wachague moja la kila aina, yaliyobaki yakapimwe kwa kilo kama kawaida. Hayo machache yawekwe chini ya banda la mabati karibu na tembe la Kwihara, ambako mgeni hufika kutafuta habari za Livingstone na angeondoka na habari zetu pia. Banda hilo linafaa lisimame wakati wa kiangazi, maana mvua za Unyamwezi huanza Novemba.