Samaki wa Moba anapimiwa maji, mtoto wa Kasungami je?

Kila asubuhi mtaani Kasungami, komine ya Annexe, wamama na watoto wanapanga bidoni mbele ya kisima. Maji yakionekana safi na kama hayana harufu, yanapelekwa nyumbani: ya kunywa, ya kupika bukari, ya kuogesha mtoto. Hakuna anayeuliza kama jana yalikuwa vilevile, kwa sababu hakuna aliyeandika.

Mbali na hapa, Ulaya na Marekani, kuna watu wanaofuga samaki na matumbawe ya bahari ndani ya sanduku la kioo sebuleni. Baadhi yao wameweka kando ya sanduku mashine ndogo. Mashine hiyo inavuta maji kidogo yenyewe, inatia asidi tone kwa tone, inafanya hesabu na kutuma jibu kwenye simu ya mwenyewe, mara kadhaa kwa siku. Kinachopimwa kinaitwa alkaliniti. Ikibadilika ghafla, matumbawe yanaweza kufa, basi mwenye sanduku hataki kungoja.

Hata samaki wa Ziwa Tanganyika wamo katika masanduku ya namna hiyo. Frontosa, samaki mwenye mistari myeusi na nundu kichwani, anauzwa nje kwa jina la Moba. Anayemfuga vizuri anapima maji yake, kwa kuwa maji ya Tanganyika yana alkaliniti nyingi na samaki huyo ameyazoea. Samaki aliyetoka Moba anapimiwa maji. Mtoto aliyetoka Moba, akakimbia vita pamoja na wazazi wake hadi pembeni ya Lubumbashi, anakunywa tu. Hili halipaswi kuzoeleka.

Alkaliniti ni akiba ambayo maji yanayo ya kupigana na asidi. Kuna kipimo kingine, pH, kinachoonyesha kama maji yamekuwa makali. Tofauti yake inaeleweka jikoni. Sufuria ya bukari inaweza kujaa kila jioni huku mfuko wa unga unapungua. Anayeangalia sufuria tu anasema mambo ni mazuri, hadi siku mfuko unaisha. pH ni sufuria, alkaliniti ni mfuko. Asidi ikiingia polepole katika kijito au kisima, akiba inaliwa kwanza, na pH inaanguka baadaye, wakati wa kujikinga umekwisha kupita.

Lubumbashi ina bahati moja: maji mengi ya chini ya ardhi yanapita katika mawe ya dolomia na chokaa, na mawe hayo ndiyo yanayoyapa maji akiba. Lakini mji huu pia unasafisha shaba na kobalti, na kazi hiyo inatumia asidi nyingi. Tarehe 4 Novemba 2025, maji machafu ya kampuni ya CDM, ya kikundi cha Huayou Cobalt cha China, yalitoka na kuingia mitaani Kasapa, Kamatete na Kamisepe. Waziri wa Madini, Louis Watum, alisimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi 3. Wakaaji waliyaona maji hayo yakiwa tayari barabarani. Hivyo ndivyo mji unavyopimiwa maji leo: kwa macho, na kwa kuchelewa.

Je, Kasungami inunue mashine? Hapana, si kwanza. Mashine hizo zinataka umeme usiokatika, dawa ya kubadilishwa na mtu wa kuzirekebisha. Tena ziliundwa kwa ajili ya maji ya chumvi ndani ya sanduku. Mashine isiyotunzwa inadanganya kuliko kukosa mashine.

Cha kuanza nacho ni chupa ndogo ya dawa na daftari. Kipimo cha mkono ni rahisi: unachukua mililita 5 za maji, unatia dawa tone kwa tone, unahesabu hadi rangi ya buluu igeuke njano. Katika vipimo vingi vya namna hiyo, tone moja ni digrii moja, karibu miligramu 18 kwa lita. Kijana aliyemaliza shule anaweza kujifunza kwa siku moja. Visima vichache vya mtaa vipimwe kila juma, matokeo yaandikwe pamoja na tarehe, yasomwe redioni kwa Kiswahili. Kisima kilichokuwa na matone 10 kikishuka hadi 6, shefu wa mtaa asingoje samaki wafe, aite wataalamu.

Daftari litaonyesha asidi inayoingia polepole. Halitazuia maji yanayofurika kwa saa chache, kama yale ya Novemba. Hapo ndipo mashine inayopima yenyewe inahitajika, na mahali pake ni kwenye mfereji unaotoka kiwandani, kwa gharama ya kampuni, matokeo yakionekana na watu wote na si wakubwa peke yao. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inalazimisha kampuni kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na migodi. Wakaaji wanaokaa kwenye meza ya kugawa pesa hizo waombe vipimo vya maji pamoja na shule na barabara.

Mtu asidanganyike, alkaliniti nzuri haimaanishi maji ni salama. Haionyeshi kobalti, wala shaba, wala vijidudu vya kipindupindu. Mwaka 2009, Profesa Célestin Banza Lubaba wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha kwamba Wakatanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo. Kazi kama hiyo inataka maabara. Tone la dawa ni mlinzi wa mlangoni tu: linasema kuna jambo limebadilika. Kuchemsha maji na kutia dawa ya kuua vijidudu kunaendelea vilevile.

Familia zilizohama kwa sababu ya vita ndizo zinazohitaji daftari hilo zaidi. Mzaliwa wa mtaa anajua kijito kipi kilikuwa na samaki na sasa hakina. Mgeni hajui. Anapanga nyumba pale bei inaporuhusu, mara nyingi karibu na bonde. Kabla ya kulipa garanti, na aulize mwenye nyumba: kisima hiki kilipimwa lini, na nani aliandika? Jibu likikosekana leo, swali liulizwe tena kesho, kwa shefu wa mtaa na kwenye mkutano wa wakaaji, hadi liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.