Tuache kusema «ni kesi ya nyumba»

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto wenye mnabaki nyumbani wakati wanaume wako kwenye mashimo, leo hatuongei juu ya bei ya gramu wala deni la PDG. Tunaongea juu ya bibi anayepigwa mpaka kufwa, na juu yetu sisi wenye tulisikia kelele usiku tukageuza kichwa upande wa ukuta.

Tuanzie kwa majirani. Tarehe 11/08/2024, Rebecca Cheptegei, mwanamke wa Uganda, alikimbia maratoni ya Olimpiki kule Paris, akafika wa 44. Mwaka wa 2022 alikuwa ameshinda medali ya dhahabu Thailand, kwenye mashindano ya dunia ya kukimbia milimani. Alikuwa pia askari wa jeshi la Uganda. Kwao ni Bukwo, upande wa mlima Elgon, lakini alinunua kiwanja ngambo ya mpaka, kule Endebess katika kaunti ya Trans Nzoia, Kenya, akajenga nyumba. Alijenga kwa makuta ya miguu yake, kama vile sisi tunajenga kwa makuta ya mikono yetu.

Siku ya yenga, tarehe 1/09, alikuwa ametoka kanisani na watoto. Mwanaume mwenye waliishi naye alimmwagia petroli na kumwasha moto. Karibu 80 kwa mia ya mwili iliungua. Rebecca alikufwa tarehe 5, hospitalini Eldoret. Alikuwa na miaka 33 na binti wawili. Yule mwanaume naye alishikwa na moto wake mwenyewe, akafwa siku nne nyuma katika hospitali ile ile. Ugomvi ulikuwa nini? Kiwanja na nyumba.

Tarehe 14 walimzika Bukwo na heshima za kijeshi. Mji wa Paris ulisema utaita uwanja mmoja wa michezo kwa jina lake. Ni vizuri. Lakini baba yake alisema neno lingine, na ndilo lilitushika sisi: kwamba jamaa ilikuwa imeshapeleka mashitaki juu ya huyo mwanaume kwa polisi, na hawakusaidiwa. Polisi wao walieleza ile habari kama bwana na bibi wenye kugombana kila mara. Baba alisema hapana, walikuwa wameshaachana.

Muone hapo. Ukisema «ni bwana na bibi», kila mutu anarudi nyuma hatua moja. Polisi anafunga daftari. Jirani anafunga mlango.

Na si yeye peke yake. Agnes Tirop wa Kenya, miaka 25, alikutwa amechomwa kisu ndani ya nyumba yake kule Iten, tarehe 13/10/2021, mwezi mmoja tu nyuma ya kuvunja rekodi ya kilomita 10 kule Ujerumani. Bwana yake alishitakiwa kwa kumuua, yeye alikana. Wanawake wenye dunia nzima iliwaona kwenye televizyo hawakupata mutu wa kuwalinda kwenye jiko lao. Basi bibi wa muchimbaji wa Kpandroma, mwenye hata simu yake haina kredi, nani atamlinda?

Kwetu sisi watu wa shimo, hii ingepaswa kueleweka haraka kuliko kwa wengine. Shimo haliporomoki bila kuonyesha. Kwanza udongo mdogo unashuka shingoni. Halafu maji yanatoka pale hayakuwa yakitoka, mti mmoja unalia. Mchimbaji mwenye akili akisikia ule mti hasemi «ni kesi ya shimo». Anapiga kelele, watu wote wanatoka, hata kama mshipa wa dhahabu ulikuwa umeshaonekana. Yule mwenye kubaki kwa tamaa, tunamuita mjinga, na siku ingine tunamchimbua maiti.

Lakini nyumbani tunasikia mti unalia mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Bibi anakuja sokoni na jicho limevimba, anasema alianguka shambani. Sisi wote tunajua lile shamba ni tambarare.

Tujishitaki kwanza sisi wa sendika. Miaka kidogo imepita, bibi mmoja alikuja mbele ya komite yetu. Bwana yake alikuwa membre wetu, mfanyakazi mzuri, mwenye kulipa mchango bila kukumbushwa. Tulimuita. Alipiga magoti, aliomba msamaha, alileta kuku wawili na pombe. Tulikula, tulikunywa, bibi akaambiwa: «Mama, rudia nyumba yako, huyu ni bwana yako, ulinde watoto.» Katibu aliandika katika daftari: kesi imekwisha. Haikupita miezi mitatu, alirudi na mkono umevunjika. Leo yuko kwa wazazi wake, yuko muzima. Hiyo haikutoka kwa akili yetu, ilitoka kwa huruma ya Mungu. Ile daftari tungali nayo, na lile neno «imekwisha» tungali tunalisoma.

Kuku wawili! Mutu akivunja pompa ya PDG, hatumwachi kwa kuku wawili.

Tunajua kile wengi watasema, maana tumekisikia kwenye mikutano. «Sisi tunatoka vitani, tumekimbia mara ngapi tangu 2017, tunalala kichakani upande wa Mongbwalu miezi mitatu, tunarudi mikono mitupu, na bibi anatupokea na matusi.» Ni kweli, maisha yametukaza. Na ule kaikpo tunakunywa ili kusahau hausahaulishi kitu, unaongeza tu. Lakini yule PDG mwenye kutukata nusu ya mchanga, tunampiga? Yule askari wa barrière mwenye kutuomba mafranga kila siku, tunamrushia ngumi? Hapana, tunajizuia vizuri sana. Basi nguvu ya kujizuia tuko nayo. Tunaiacha mlangoni kwetu, ndiyo habari.

Wengine watasema wanawake nao wanapiga. Wapo, na mwanaume mwenye kupigwa aje, tutamsikiliza bila kumcheka. Lakini tusijifiche nyuma yake. Uchunguzi wa EDS wa 2013-2014 ulionyesha kwamba wanawake 52 kwa mia katika Kongo walishapata kuumizwa mwilini tangu walipofika miaka 15. Ni zaidi ya nusu. Mkiwa na binti wawili nyumbani, fanyeni hesabu.

Kuna pia jambo la mahari. Bibi akikimbilia kwao, baba anaangalia zizi. Wale mbuzi na ng'ombe walishaliwa, au walishaoa bibi wa kaka yake. Kumrudisha binti ni kurudisha nyama, na nyama haiko tena. Basi anabembelezwa: «Vumilia, mwanangu.» Hatusemi mahari ni mbaya, sisi wenyewe tulitoa na tutapokea. Tunasema wazee wetu, wakati walipokula zile nyama, hawakuuza ngozi ya mtoto wao. Wazee wa baraza wanajua hii kuliko sisi. Tunawaomba kwa heshima waiseme kwa sauti mbele ya vijana.

Sheria nayo isemwe, maana wengi wanafikiri kupiga bibi hakuko ndani ya sheria. Kode ya adhabu ya Kongo, artikle 46: mwenye kupiga au kuumiza mutu kwa kusudi anafungwa siku 8 mpaka miezi 6. Mapigo yakileta ugonjwa au mutu akishindwa kufanya kazi, artikle 47, ni miaka 2 mpaka 5. Mutu akifwa, hata kama uliyepiga hukutaka afwe, artikle 48, ni miaka 5 mpaka 20. Kuua kwa kusudi ni adhabu kubwa kupita hiyo. Hakuna mahali imeandikwa «isipokuwa bibi yako». Na tangu sheria ya tarehe 15/07/2016 iliyogeuza Kode ya jamaa, ile lazima ya bibi kuomba ruhusa ya bwana kwa kila karatasi iliondolewa. Bibi anaweza kununua kiwanja kwa jina lake, na ile kitu ya Endebess, kugombea nyumba yenye mwanamke alijenga mwenyewe, tuanze kuikata hapa kwa karatasi mbele ikatwe kwa panga.

Tunajua sheria iko mbali. Jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu mwezi wa 5 wa 2021, barabara ya Bunia si kila siku inapitika, na mwenye kwenda kushitaki anaombwa makuta ya karatasi, makuta ya mafuta, makuta ya soda. Ndiyo maana mama mmoja peke yake hawezi. Tukienda watu sita na kartele za sendika shingoni, tutaulizwa kwa adabu.

Kwa hiyo komite imekata hivi. Hatutaketi tena kusikiliza kesi ya kupigwa ili tuipatanishe na kuku. Bibi mwenye kupigwa akija, kitu cha kwanza ni muganga: aonwe siku ile ile, muganga aandike kile ameona, na nakala ibaki kwetu, isibaki nyumbani kwake pale bwana anaweza kuichana. Kitu cha pili, tunaenda naye kwa polisi, wawili wa komite na mama mmoja. Membre mwenye kurudilia atatolewa kwenye kikundi chake cha shimo, hata kama ni mchimbaji namna gani. Na mwanaume mwenye kujisikia mkono unaanza kuinuka peke yake, aje mbele. Tuko na wazee wawili wenye walipita njia hiyo na hawaoni haya kuieleza.

Imebaki shida moja hatujamaliza: usiku. Mutu akikimbia saa saba za usiku na watoto, hawezi kungojea ofisi ifunguliwe. Mama wawili, wajane wa wachimbaji, wamekubali kufungua nyumba zao. Wote wawili wanakaa upande mmoja wa soko. Tunatafuta wa tatu kwa upande wa barabara ya Rethy, na mabati matano ya kumalizia chumba. Mwenye kuwa nayo ayalete siku ya soko, tutakuwa pale pale tunapokusanya mchango.