Waya wa randa si mahali pa kubania

Katika karakana nyingi za useremala jijini Dar es Salaam, Keko na kwingineko, randa ya umeme yenye waya uliozungushiwa solotepu mara tatu au nne ni jambo la kawaida. Mwenye karakana haoni tatizo, maana mashine inazunguka na milango ya wateja inatoka. Siku waya unapokufa kabisa, kijana anatumwa dukani akalete "waya wa umeme", bila kuambiwa upi. Anarudi na ule mwembamba wa kuning'inizia taa, kwa kuwa ndio wa bei ya chini.

Tupige hesabu kidogo. Randa ya wati 850 kwenye umeme wa volti 230 inakula karibu ampia 3.7, na zaidi inapowashwa au inapokabana na mninga. Waya wa taa wa milimita 0.5 za mraba umekusudiwa ampia 3. Utachemka, na fyuzi ya ampia 13 iliyomo kwenye plagi haitakatika, kwani kwake ampia nne si kitu. Chini kuna maranda makavu, pembeni kuna thina na vanishi.

Kwa maoni yangu, tajiri amwandikie kijana kwenye karatasi: shaba, milimita 1.0 za mraba, ganda la mpira. Ganda la plastiki ni rahisi zaidi lakini hukakamaa na kupasuka pale kwenye kishikio, ambapo waya hukunjwa kutwa nzima. Muuzaji akiapa kuwa ni shaba, ncha ichunwe na nyuzi zikwanguliwe kwa kisu. Zikitokea nyeupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, arudishiwe mwenyewe.

Randa nyingi zina alama ya mraba ndani ya mraba kwenye kibati chake. Hizo zimekingwa mara mbili, nyaya mbili zinatosha. Lakini iliyotoka kiwandani na nyaya tatu ibaki na tatu. Kuacha erthi ili kuokoa shilingi chache ni kucheza na roho ya kijana ambaye hata huo waya hakuuchagua yeye.

Tena, waya huu mara nyingi hukatwa na randa yenyewe. Swichi imeachiwa, ngoma ya visu bado inazunguka kwa sekunde kadhaa, na fundi ameshailaza juu ya waya. Kisha kijana anakatwa ujira! Mita tatu au nne zinazopita nyuma ya bega zingepunguza ugomvi huo, kuliko kipande kifupi chenye kiungo kinachoburuzwa juu ya ubao.

Na kile kibano cha waya kilichomo ndani ya kishikio kirudishwe na skrubu zake zote. Bila hicho, kila randa inapovutwa, zinazovutwa ni ncha za nyaya kwenye swichi.