Fidi ndogo hailindi kisu

Hoja iliyochapishwa mara nyingi, kwamba fundi wa milingi ya kompyuta akipunguza fidi, yaani mwendo wa kisu kuingia kwenye chuma, kisu kitadumu, haisimami hata kwa hesabu ya kikokotoo cha simu. Fidi ni mizunguko kwa dakika, mara idadi ya meno, mara fidi ya jino, yaani umbali ambao kisu kinasonga mbele kwa kila jino. Kisu cha kabaidi cha milimita 10 chenye meno 3, kikizunguka mara 8,000 kwenye alumini na kila jino likichukua milimita 0.05, kinatakiwa kwenda milimita 1,200 kwa dakika. Ukiteremsha hadi 400 bila kugusa mizunguko, kila jino linabaki na 0.017 tu. Makali ya jino si wembe. Yana mviringo mdogo, na unene wa kinyoleo ukikaribia mviringo huo jino linasugua badala ya kukata. Joto, ambalo sehemu kubwa yake ingeondoka na vinyoleo, linabaki kwenye kisu, na alumini inaganda kwenye makali.

Watetezi wa hoja hiyo wanasahau pia upana. Kisu hichohicho kikila ubavuni milimita 1 tu, kinyoleo hukonda hadi asilimia 60 ya fidi ya jino: 0.03. Kurudisha 0.05 kunadai milimita 2,000 kwa dakika. Mkato mwembamba, basi, unataka mwendo mkubwa zaidi. Mashine ikilalamika, kinachopunguzwa kwanza ni kina au upana: kina cha 5 na upana wa 4 kwa fidi ya 1,200 huondoa sentimita za ujazo 24 kwa dakika, na kina cha 2.5 hupunguza mzigo huo nusu bila kulinyima jino kinyoleo chake.