UCHAMBUZI: Akili unde isiachiwe kufuta majina ya watu

Kampuni ya KPMG ilipokagua sajili ya wapigakura kwa niaba ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) mnamo 2022, ilipata rekodi 246,465 za watu waliokwisha kufariki na nyingine 481,711 zilizojirudia. Novemba mwaka uo huo programu ya ChatGPT ilizinduliwa Marekani, na kazi ya aina hiyo ikaanza kuonekana nyepesi. Siku hizi karani wa kaunti au afisa wa basari anaweza kupakia faili yenye maelfu ya majina, akaiagiza akili unde iondoe yaliyojirudia, na kupata jibu kabla chai yake haijapoa.

Urahisi huo ndio unaopasa kutiliwa shaka.

Faili chafu si jambo geni. Jina moja huandikwa Mohamed hapa na Muhammad pale. Nambari ya simu huweza kupoteza sufuri ya mwanzo inapofunguliwa kwa Excel, kwa kuwa programu hiyo huidhania kuwa hesabu. Tarehe 03/04 ni Aprili 3 kwa Mkenya, lakini kwa Mmarekani ni Machi 4. Wanasayansi wa jeni walisumbuliwa na Excel iliyokuwa ikigeuza majina ya jeni kuwa tarehe, hata kufikia 2020 baadhi ya majina hayo yakabadilishwa. Wakati huo programu haikurekebishwa, kilichorekebishwa ni msamiati wa sayansi!

Katika dosari za namna hii akili unde ina manufaa makubwa. Hutambua kuwa Murang'a na Muranga ni mahali pamoja bila kuelekezwa neno kwa neno. Tatizo huanza inapoachiwa iamue nani ni nani. Pacha wanaoitwa Hassan na Hussein wana tarehe moja ya kuzaliwa, baba mmoja na kijiji kimoja. Kwa mtambo, huenda hao wakawa mtu mmoja ambaye jina lake lilikosewa. Wazee wengi wasiojua siku waliyozaliwa waliandikiwa Januari 1, nao wamo katika hatari iyo hiyo. Anayefutwa kwenye orodha ya fedha za wazee huenda asigundue hadi siku ya malipo.

Lipo kosa baya zaidi. Mitambo hii hufanya kazi kwa kubashiri neno linalofuata. Inapokuta pengo, huweza kulijaza kwa tarakimu inayoaminika ilhali si ya kweli. Faili hutoka ikiwa nadhifu, na unadhifu huo huficha kosa. Uingereza ilionja machungu ya faili isiyo na dalili ya kasoro mnamo 2020, hata bila akili unde: visa 15,841 vya corona viliachwa nje ya takwimu kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, kwa sababu faili za Excel za muundo wa kale hazibebi zaidi ya mistari 65,536. Waliotangamana na wagonjwa hao wakachelewa kufuatiliwa.

Njia salama ipo, nayo haihitaji gharama. Badala ya kukabidhiwa data yenyewe, akili unde iagizwe iandike programu fupi ya usafishaji, ambayo mtu ataisoma na kuiendesha kwenye nakala. Faili asilia isiguswe. Rekodi zinazoshukiwa ziwekwe kando pamoja na sababu, wala zisifutwe hadi afisa azipitie.

Njia hiyo pia huzuia majina ya wananchi kupelekwa kwenye mitambo ya ng'ambo, hatua ambayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeiwekea masharti. Sheria hiyo pia humpa mwananchi haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mtambo pekee. Mnamo 2022 wakaguzi walitoa matokeo yao, lakini ni tume iliyoidhinisha sajili ya wapigakura 22,120,458 na kujibu maswali ya umma. Orodha ya basari iliyosafishwa na programu nayo yafaa iwe na sahihi ya afisa anayejulikana, ambaye mzazi wa Hussein anaweza kumwendea.