Aliyeisemea Sinema Naye Alipwe



Huenda wengine wakauliza, watu wa reli wana nini na sinema? Twajibu kwamba tuna mengi. Mikanda ya sinema ilifika bara kwa njia ya reli kutoka Mombasa, na mizigo mingi ya Kisii ilivushwa na meli za reli ziwani mpaka gati la Kendu Bay, kwa kuwa kwetu Gusii reli haikufika hata leo. Lakini sababu kubwa ya kuandika ni kijana wetu mmoja, aliyetufikia Kisumu mwezi uliopita akiwa na huzuni.

Kijana huyu alifanya kazi miaka mitatu katika kibanda cha video sokoni, upande wa Nyamira. Hatutaji soko wala mwenye kibanda. Kazi yake ilikuwa kushika kipaza sauti na kuwasemea watu picha za kigeni, mara kwa Kiswahili mara kwa Ekegusii, akichekesha, akiigiza sauti ya mzee na ya bibi arusi. Kiingilio kilikuwa Sh. 20, naye alipewa Sh. 300 kwa siku, bila karatasi yo yote. Siku moja tajiri akamwambia, "Leo tutaichukua sauti yako kidogo, ni kwa tangazo." Ikachukuliwa miezi miwili. Kisha akaambiwa asije tena, maana sauti imo ndani ya mashine na mashine haili chakula cha mchana. Sasa sauti yake husikika hata katika soko la pili, na watu hucheka kama zamani. Mwenyewe hapati senti.

Tulipomsikia tulikumbuka kwamba jambo hili si jipya. Liliwapata watu wa sinema tangu zamani, na yafaa tujifunze kwao.

Sinema zilipoanza zilikuwa bubu. Picha ilitembea ukutani lakini haikusema. Basi mwenye nyumba ya sinema hakuuza picha peke yake, aliuza na kazi ya watu wengi: karani wa tikiti, mlinda mlango, mpiga kinanda, msemaji, na mwendesha mashine. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki nyumba za namna hiyo zilikuwako. Nairobi ilikuwa na Theatre Royal, iliyojengwa mwaka wa 1912 na baadaye ikaitwa Cameo. Unguja Bwana Jariwalla alifungua Royal mwaka wa 1921.

Tumtazame mwendesha mashine. Mkanda wa milimita 35 una picha 16 katika kila futi, kwa hiyo gurudumu la futi 1,000 lina picha 16,000. Katika mashine za mwanzo alizungusha kwa mkono, mara mbili kwa kila sekunde, na gurudumu moja lilimchukua karibu dakika 17. Likiisha, lingine. Mkono ukichelewa, watu walipiga kelele. Wenye nyumba wengine walitaka mwendo uongezwe ili maonyesho yawe mengi kwa usiku mmoja. Sisi tuliozoea kuulizwa kwa nini treni imechelewa twaijua amri ya namna hiyo.

Tena mkanda wa siku zile ulikuwa wa nitreti, kitu kinachoshika moto upesi na hakizimiki kwa maji. Mwendesha mashine alifungiwa pamoja nao katika chumba kidogo. Siku ya 31 Desemba 1929 katika mji wa Paisley, Scotland, gurudumu moja lilitoa moshi, watoto wakakimbilia mlango wa kutokea, wakaukuta umefungwa. Walikufa watoto karibu 70. Twalitaja hili kwa sababu vibanda vingi vya masokoni kwetu vina mlango mmoja tu, na nyaya za umeme zimening'inia juu ya vichwa vya watoto. Nitreti imekwisha, lakini mlango mmoja ungali mlango mmoja.

Na yule msemaji? Kule Japani aliitwa benshi. Alisimama kando ya picha akieleza hadithi na kutoa sauti za watu wote, na wengi walilipa kiingilio ili kumsikia yeye zaidi ya kutazama picha. Walikuwa maelfu. Mwaka wa 1927 huko Marekani ikatoka picha ya The Jazz Singer, iliyokuwa na nyimbo na maneno ndani yake, na katika miaka michache tu sinema bubu zikaachwa. Wapiga muziki wa nyumba za sinema walitolewa kwa maelfu. Mwaka wa 1930 chama chao kilitoa matangazo katika magazeti ya Marekani, kikiwaomba watu wakatae muziki wa mkebe. Watu walisoma, kisha wakaenda kuusikiliza huo huo wa mkebe. Japani nao benshi waligoma mwaka wa 1932. Mmoja wa viongozi wa mgomo alikuwa kaka yake Akira Kurosawa, aliyekuja kuwa mtengenezaji wa sinema mwenye sifa duniani. Mgomo ulishindwa, na mwaka wa 1933 kaka huyo akajiua.

Je, walikuwa wajinga? La. Kosa lilikuwa kwamba walianza kusema baada ya mashine kwisha kufungwa. Mapatano hufanywa wakati tajiri angali anakuhitaji.

Kwetu sinema bubu ilikaa zaidi. Mwaka wa 1939 Serikali ya Uingereza iliunda idara ya sinema za makoloni, na picha zake nyingi zilitengenezwa bila maneno kwa makusudi, ili mfasiri aseme lugha ya watu wa mahali. Wazee wetu wa Gusii hutusimulia jinsi gari la sinema lilivyofika sokoni jioni, shuka jeupe likatundikwa, jenereta ikanguruma, na watu wakaketi majanini, wengine upande wa nyuma wa shuka. Picha ilikuwa ya Mzungu na shamba lake au ya usafi wa choo. Lakini wazee hawakumbuki jina la picha. Wanamkumbuka aliyesema, jinsi alivyotia mzaha na mafumbo ya Ekegusii mpaka choo kikawa hadithi tamu. Bila yeye ingalikuwa vivuli tu vinavyochezacheza.

Na kazi hiyo haikufa. Tanzania palikuwa na Lufufu aliyefasiri kanda za video, na hapa Kenya DJ Afro amejipatia jina kubwa kwa kazi hiyo hiyo. Basi asituambie mtu kwamba ni mchezo wa watoto. Kama kiti kinajaa kwa sababu ya sauti, sauti hiyo ni kazi.

Tajiri atasema mambo mawili, na haki yatupasa kuyajibu. Kwanza atasema, "Mashine ni yangu." Ni kweli, hata injini si yetu, lakini hakuna aliyetuambia kwamba kwa kuwa injini si yetu tuiendeshe bure. Pili atasema, "Hata picha zenyewe si zake huyo kijana." Hili ni kweli zaidi. Mwenye picha naye ana haki yake, na kunakili picha za watu bila ruhusa hatukutetei. Lakini wizi wa tajiri kwa mwenye picha haumpi ruhusa ya kumwibia pia mfanya kazi wake.

Sheria iko upande wetu kuliko vijana wanavyodhani. Zamani, tangu sheria ya michezo na sinema ya mwaka wa 1912, na ile iliyoifuata ya mwaka wa 1962, Serikali ilitazama leseni na picha. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 yamtazama mtu. Kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mzima hawezi tena kufukuzwa kama mtu wa kutwa, na kazi ya miezi mitatu au zaidi yataka mapatano ya maandishi. Kijana wetu alifanya miaka mitatu! Nayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 yampa mwigizaji haki juu ya kuchukuliwa kwa uigizaji wake.

Kwa hiyo twashauri hivi. Vijana wa vibandani, wanaosema na wanaoendesha mashine, kutoka Kisii mjini, Keroka, Nyamira na masoko mengine, wakutane. Wapatane kima kimoja, asiwepo wa kumpunguzia mwenzake. Asikubali mtu sauti yake ichukuliwe kabla ya kuandikwa itapigwa wapi, muda gani, na kwa malipo gani. Na sisi wa chama tusiwacheke. Tuwafungulie ofisi, tuwaandikie barua, twende nao kwa afisa wa kazi. Kijana huyu tumekwisha mwahidi kwamba tutakwenda naye.

Tusijidanganye kwamba ni shida ya wengine. Injini za mvuke zilipopokewa na za dizeli, kazi ya fayamani ilikwisha, na leo mashine hukata tikiti pasipo karani. Ukiona mwenzio anyolewa, wewe tia maji. Nasi twaongeza: kabla ya wembe kufika, kaa na kinyozi mwandikiane.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Umoja ni nguvu.